Kioo Juani: Egonomia ya Mifumo ya Simu na Kompyuta kwa Watumiaji wa Dodoma

Mfumo wa kazi za nje haupimwi ofisini. Uweke kwenye simu ya bei ya chini, ile ambayo watu wengi wanayo, utoke nao saa saba mchana mwezi wa tisa, umkabidhi mtu ambaye mkono wake wa pili umeshika daftari la risiti. Makosa yaliyojificha miezi yote ya utengenezaji yataanza kujionyesha kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza.

Egonomia ni elimu ya kuilinganisha kazi na mwili wa anayeifanya: urefu wa meza, uzito wa nyundo, mahali pa kuweka swichi. Wengi wakilisikia neno hilo huwaza kiti cha ofisi. Lakini tovuti na programu za simu nazo ni vifaa vya kazi. Zinatumiwa kwa jicho, kidole, shingo na kumbukumbu, na vyote hivyo vina vipimo vinavyojulikana. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11 hakina habari na urembo wa ukurasa. Kinauliza kama mtumiaji fulani, katika mazingira fulani, amefikia lengo lake, ametumia nguvu na muda kiasi gani, na ameridhika kiasi gani. Hapo kwenye "mazingira fulani" ndipo mifumo mingi ya kanda hii ya kati inapojikwaa. Aliyeichora alikuwa kivulini, anayeitumia yuko juani.

Basi tuanze na jua lenyewe.

Kiangazi cha Dodoma huanza kama mwezi wa tano na kwenda hadi wa kumi na moja, anga nyeupe na upepo wa vumbi. Jua la mchana hufikia karibu laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Chini ya turubai au mwembe inaweza kubaki 10,000 hivi. Simu ya bei ya chini hutoa mwangaza wa kandela 400 hadi 500 kwa mita ya mraba, basi. Piga hesabu ya haraka. Maandishi meusi kabisa juu ya nyeupe yana uwiano wa 21 kwa 1, yaani mwangaza wa nyeupe ukilinganishwa na wa nyeusi, kwenye kompyuta ya aliyeyachora. Chini ya turubai, kioo kikirudisha asilimia 4 na nusu tu ya mwanga unaokiangukia, uwiano huo unashuka hadi karibu 4 kwa 1. Rangi ya kijivu yenye namba #999999, ambayo wachoraji wa kurasa huipenda sana kwa maelezo madogo chini ya visanduku, ina 2.85 kwa 1 hata kabla hujatoka mlangoni. Chini ya turubai inabaki kama 2. Juani kabisa, hata yale meusi yanabakiwa na 1.3 hivi, na simu inageuka kioo cha kujitazamia uso.

Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kufanya kurasa zisomeke na kutumika na kila mtu, inataka uwiano wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa yale makubwa. Kwa kazi za ndani inatosha. Kwa kazi za nje, kama mizani ya mazao, ukaguzi wa mashamba, usomaji wa mita au ushuru wa stendi, sisi tunaanzia 7 kwa 1, maana yake kijivu chepesi kuliko vyote kinachoruhusiwa juu ya nyeupe ni #595959. Maandishi yasishuke chini ya pikseli 16. Herufi nyembamba ziachwe, kwa sababu ndizo zinazofutika kwanza. Mandhari nyeusi inapendeza usiku na inaokoa chaji kwenye baadhi ya simu, ila mchana nje inaakisi kila kitu kilicho nyuma ya mtumiaji; iwe ni hiari yake, isiwe ndiyo inayofunguka yenyewe. Na kosa lisitangazwe kwa mstari mwekundu pekee. Rangi ndiyo inayopotea mapema juani, na wapo wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani hata kivulini. Weka neno: "Namba haijatimia."

Sasa mtazame mtu huyo aliyesimama juani. Anakinga kioo kwa kiganja. Kiganja hicho ndicho kilichotakiwa kuandika, kwa hiyo kazi yote inabaki kwa kidole gumba cha mkono ulioshika simu. Hili likishaeleweka, mambo mengi ya mpangilio wa ukurasa yanajiamulia.

Gumba la mtu wa mkono wa kulia hufika vizuri katikati na chini ya kioo. Pembe ya juu kushoto ndiyo mbali kuliko zote, na ndiko tunakoweka mshale wa kurudi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kufikia kitu hutegemea umbali wake na upana wake: kikiwa mbali na kidogo, mkono unachelewa na kukosea. Ndiyo maana Apple wanataka kitufe kisipungue pointi 44 kila upande, na mwongozo wa Android unataka 48, na nafasi ya 8 kati ya kitufe na jirani yake. WCAG 2.2 ya mwaka 2023 inaridhika na pikseli 24, lakini hicho ni kiwango cha kutofukuzwa darasani. Mtu mwenye ngozi ngumu ya kushika jembe, kioo chake kina nyufa na plastiki ya kukinga imejaa vumbi, anahitaji 56 kwa kitufe kikuu. Kitandaze upana wote wa ukurasa, chini, lakini usikigandishe ukingoni. Kava nyingi zina mdomo uliopanda juu ya kioo, gumba halifiki pale. Na simu nyingi zina mstari wa chini wa kurudi mwanzo, ukiugusa kwa bahati mbaya umetoka nje ya programu.

Ngozi kavu yenye sugu ina tabia nyingine. Kioo cha simu huhisi umeme mdogo wa mwili, sugu ikiwa nene hakihisi vizuri. Mtu akiona hakuna kilichotokea hukandamiza kwa nguvu na kwa muda. Ikifika karibu nusu sekunde, simu inahesabu kuwa ni mguso mrefu na kufungua menyu ambayo hakuiomba. Kwa hiyo usifiche kazi yoyote ya lazima nyuma ya mguso mrefu, wala nyuma ya kutelezesha kidole kushoto au kulia. Kitu kinachofanyika kionekane kwa maandishi.

Kwenye ghala la mahindi upande wa Kibaigwa hali huwa hivi. Gunia linapanda mizani, mbebaji anasoma kwa sauti, "Tisini na tano nukta tano!" Karani anaandika kwa gumba. Nyuma yake wamepanga foleni.

"Dada, umeandika?"

"Bado kaka, inazunguka."

Anabonyeza "Hifadhi" tena. Inazunguka. Anabonyeza mara ya tatu. Mtandao ukirudi, gunia moja limeandikwa mara tatu, na jioni hesabu ya ghala imezidi kilo 191. Hapo karani ataambiwa hayuko makini. Kosa si lake.

Jakob Nielsen, mtafiti wa urahisi wa kutumia mifumo, aliweka mipaka mitatu mwaka 1993 ambayo bado inasimama: jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde mtu anahisi amefanya mwenyewe, ndani ya sekunde 1 mawazo yake hayajakatika, zikipita 10 ameshahamia kwenye jambo lingine. Kwa mtandao wa vijijini huwezi kuahidi sekunde 1 kutoka kwenye seva, ile kompyuta kuu inayopokea rekodi, lakini sehemu ya kumi ya sekunde iko ndani ya simu yenyewe. Kitufe kibadilike papo hapo: kifungwe, maneno yageuke "Inahifadhi…", na rekodi iwekwe kwanza kwenye kumbukumbu ya simu, kisha itumwe mtandao ukipatikana. Kila rekodi ipewe na simu namba yake ya kipekee kabla ya kutumwa, ili seva ikiipokea mara tatu iiandike mara moja. Kwenye malipo jambo hili halina mjadala. Karani aone pia idadi: "Zimehifadhiwa 42, zinasubiri mtandao 6." Bila mstari huo ataandika na kwenye daftari pia, kwa kuwa haamini, na atakuwa sahihi.

Kwenye ukurasa huohuo mara nyingi "Hifadhi" na "Futa" vimekaa bega kwa bega, ukubwa mmoja, umbo moja. Kosa hili lina umri mkubwa kuliko kompyuta za mezani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili marubani wa Marekani walikuwa wakitua salama kisha wanakunja magurudumu badala ya mabawa madogo ya breki, kwa sababu swichi mbili zilifanana na zilikaa pamoja. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipendekeza moja ivikwe kichwa chenye umbo la gurudumu na nyingine umbo la kabari, mkono utambue bila macho. Kwenye simu tunafanya vilevile: "Futa" iende mahali pengine, isiwe na umbo la kitufe kikuu, na ikibonyezwa kuwe na nafasi ya sekunde chache ya "Rudisha". Dirisha la kuuliza "Una uhakika?" halisaidii sana. Likitokea kila mara, gumba linajifunza kulibonyeza bila kusoma.

Kuhusu uzito wa ukurasa sitakaa sana. Picha ya megabaiti 2 kwenye mtandao wa kilobiti 200 kwa sekunde inachukua sekunde 80, na bando la mtu linaondoka nayo. Kibaya zaidi ni picha inayochelewa kisha ikafika na kusukuma vitufe chini: kidole kilikuwa kinakwenda kwenye "Endelea", kikaangukia tangazo. Taja urefu na upana wa kila picha mapema ili nafasi yake itengwe.

Namba ndizo zinazowachosha Watanzania kwenye fomu kuliko kitu kingine. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, umeme wa LUKU tarakimu 20, namba ya malipo ya Serikali tarakimu 12. Hakuna kichwa kinachobeba tarakimu 20 mfululizo, kwa hiyo mtu anatazama kadi, anaandika nne, anarudi kwenye kadi, amesahau alipoishia. Kisanduku kimsaidie kwa kuzikata kama zilivyokatwa kwenye kadi: 8, kisha 5, 5 na 2. Akibandika namba yenye vistari au nafasi, mfumo uviondoe wenyewe kimyakimya. Kumwambia "Muundo si sahihi" kwa sababu ya kistari ni kumpa mtu kazi ya mashine. Vivyo hivyo kwa namba ya simu: pokea 07, 06, 255 na +255, upange mwenyewe. Usizuie kubandika.

Hapa kuna shimo ambalo wasanidi wengi wanatumbukia. Kisanduku cha namba ya NIDA wanakiwekea aina ya "number". Lugha ya JavaScript, inayoendesha kurasa za tovuti, haihesabu kwa uhakika kupita 9,007,199,254,740,991, yaani tarakimu 16, kwa hiyo za mwisho zinabadilika bila onyo. Excel ni mkali zaidi: inashika tarakimu 15 na kugeuza zilizobaki kuwa sifuri. Orodha ya wanufaika ikipitia Excel mara moja tu na kusomwa kama namba za hesabu, kila namba ya NIDA imeharibika na haitengenezeki. Namba ya utambulisho ni maandishi, haijumlishwi wala kuzidishwa. Tumia kisanduku cha maandishi chenye inputmode="numeric", simu italeta kibodi ya tarakimu bila kuharibu chochote. Na kwa kuwa tarakimu 8 za mwanzo za NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, usimwombe tena tarehe hiyo kwa orodha ya kuteremsha miaka kutoka 2025 hadi 1950. Ijaze, yeye ahakikishe.

Majina ya huku nayo yana yake. Anayeishi kata ya Ng'hong'onha, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, au Ng'humbi kule Kongwa, hukataliwa na fomu zinazodai "herufi tu". Zikimkubali, kibodi moja inaweka alama ya ritifaa (') iliyonyooka na nyingine iliyopinda, na mfumo unaona kata mbili tofauti. Ripoti inatoka na kata imegawanyika. Pokea zote mbili, hifadhi moja, na kwenye kutafuta uzipuuze zote. Tena kata ichaguliwe kwa kuandika herufi mbili tatu za mwanzo, isiwe kwa kuteremsha orodha ndefu.

Saa ndiyo inayoharibu miadi. Mfumo ukiandika "08:00", wapo watakaosoma saa nane, wafike mchana wakati jina lao limeshaitwa asubuhi. Mtumiaji naye akiandika "2:00" akiwa na maana ya asubuhi, seva inahifadhi saa nane usiku. Onyesha yote pamoja: saa 2:00 asubuhi (08:00). Wakati wa kujaza, mpe vitufe vya asubuhi, mchana, jioni na usiku kabla ya kumpa saa. Kwa tiketi za mabasi yanayoondoka alfajiri, tarehe pekee haitoshi. Basi la saa 10 alfajiri Jumanne liandikwe "usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne", vinginevyo kuna abiria atakayefika stendi siku imepita.

Namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe mfupi inastahili sentensi zake. Mtu amejaza nusu ya fomu, ujumbe unaingia, anatoka kwenda kuusoma. Simu yenye RAM ya gigabaiti 1 au 2 inafunga kivinjari ili ipate nafasi. Akirudi, fomu ni tupu. Wengi hawaanzi tena. Thibitisha namba ya simu mwanzoni kabisa, kabla hajajaza lolote. Hifadhi rasimu kwenye simu kila anapotoka kwenye kisanduku. Namba iishi walau dakika 10, maana ujumbe wenyewe huchelewa. Rasimu ifutwe baada ya kuwasilisha, kwa sababu simu nyingi zinatumiwa na zaidi ya mtu mmoja nyumbani, na namba ya siri isiingie humo kamwe.

Tukirudi ndani ya ofisi, mwili unaumia kwa namna nyingine. Karani wa kuingiza data ana kompyuta mpakato iliyokaa chini, shingo imepinda. Kibodi ya pembeni na vitabu vichache chini ya mpakato vinainua skrini hadi ukingo wake wa juu ufike usawa wa macho, umbali wa sentimita 50 hadi 70. Hilo kila mtu analijua. Linalosahaulika ni kwamba fomu yenyewe inaweza kumvunja bega. Watafiti Card, Moran na Newell walitoa mwaka 1980 vipimo vya kukadiria kazi ya mkono: kuhamisha mkono kati ya kibodi na kipanya sekunde 0.4, kulenga kwa kipanya 1.1, kubofya 0.2, kubonyeza herufi moja kama 0.28. Kisanduku kinacholazimisha kipanya kinagharimu 0.4 + 1.1 + 0.2 + 0.4, yaani 2.1. Kinachofikiwa kwa kitufe cha Tab kinagharimu 0.28. Fomu ikiwa na visanduku 9 vya namna hiyo na karani akiingiza fomu 200 kwa siku, tofauti ni karibu dakika 55, na mkono umekwenda na kurudi kwenye kipanya mara 1,800. Tiba ni nyepesi: mpangilio wa Tab ufuate mpangilio wa karatasi anayoinakili, orodha zote zikubali kuandikwa, na kitufe cha Enter kihifadhi na kufungua fomu mpya, mshale ukiwa tayari kwenye kisanduku cha kwanza.

Wenye kitochi wasisahaulike. Menyu zinazofunguliwa kwa nyota na reli hubeba herufi 182 kwa skrini moja, na kikao kinakatika mtumiaji akichelewa. Chaguo linalotumika sana liwe namba 1, zisizidi tano au sita kwa skrini, na kikao kikikatika, anayepiga tena aendelee alipoishia.

Kupima hakuhitaji maabara. Nielsen na Landauer walikadiria mwaka 1993 kwamba mtu mmoja huibua kama asilimia 31 ya matatizo, kwa hiyo watano wanaibua karibu 85. Ila ni watano wa kundi moja: watano makarani, watano wakulima, usiwachanganye. Andaa kazi tano kwenye vikaratasi, kwa maneno ya kazi yao, usitaje jina la kitufe. "Gunia la mzee huyu lina kilo 95 na nusu, liingize," kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Ukishamwamkia mama wa makamo "Shikamoo" na yeye akakuitikia "Marahaba mwanangu", hatakuvunja moyo. Ukimuuliza programu ikoje atajibu "Nzuri tu, hamna shida," hata kama ameshindwa kazi tatu kati ya tano. Usiulize ikoje. Tazama gumba linakwenda wapi kwanza, hesabu miguso iliyopotea, andika sekunde, na ujue kila mahali aliposimama kufikiri. Akiuliza "Nibonyeze hapa?", mrudishie swali: "Mama ungekuwa peke yako ungebonyeza wapi?"

Dodoso la SUS la John Brooke, la kupima urahisi wa kutumia mfumo, lenye kauli 10 zinazojibiwa kwa 1 hadi 5, linafaa kulinganisha toleo na toleo. Kauli za namba witiri toa 1 kwenye jibu, za namba shufwa toa jibu kwenye 5, jumlisha, zidisha kwa 2.5. Wastani unaotajwa sana ni 68. Kwa adabu ya watu wetu alama hupanda kuliko stahili, kwa hiyo muda na makosa vipewe uzito zaidi.

Pima mara mbili kwa siku: saa tatu asubuhi na saa saba mchana, mahali palepale panapofanyika kazi, mwangaza wa simu ukiwa kama mwenyewe alivyouacha, chaji asilimia 15, bando likiwa lake lakini umemrudishia gharama. Mkishatengeneza yaliyoonekana, rudieni kazi zilezile tano kwa watu wengine, kwa sababu wale wa kwanza wameshazijua njia za kukwepa kasoro zenu.